Minofu ya sangara: Bei hulindwa mezani, si maabara

MFANYABIASHARA wa samaki mjini Mwanza akipiga simu asubuhi kuuliza bei ya sangara hupewa jibu moja, na jioni akifika na shehena yake kwenye geti la kiwanda aweza kupewa jibu jingine. Tofauti ya majibu hayo mara nyingi haitokani na soko la Ulaya wala thamani ya shilingi siku hiyo. Hutokana na kipimajoto chenye ncha kama sindano, ambacho mpokeaji wa kiwanda hukichoma kwenye nyama nene ya samaki, hadi karibu na mfupa, kabla mzani haujaguswa.

Kipimajoto hicho ni mlango wa taaluma ambayo wahandisi huiita udhibiti wa mchakato wa uzalishaji. Kwa maneno mepesi, ni kazi ya kuhakikisha kuwa kila hatua ya kutengeneza bidhaa inakwenda inavyotakiwa wakati ule ule inapofanyika, badala ya kungoja bidhaa imalizike ndipo nzuri itengwe na mbaya. Taaluma hiyo ilikulia kwenye viwanda vya simu, chuma na magari. Kanda ya ziwa imeifahamu zaidi kupitia samaki, na imeifahamu kwa gharama kubwa.

Jambo hili linamgusa mwenye mtaji mdogo kuliko anavyodhani. Viwanda vya minofu vya Mwanza, Musoma na Bukoba ni mali ya makampuni binafsi, na hisa zake haziuzwi katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mwenye mtaji mdogo huingiza fedha zake pembeni: mtumbwi na injini, nyavu, boti la kukusanya samaki visiwani, gari la barafu, au mkopo kwa wavuvi ambao hulipwa kwa samaki. Fedha zote hizo zinasubiri uamuzi unaotolewa ndani ya ukuta ambao mwenye fedha haruhusiwi kuuvuka bila buti nyeupe na kofia ya kufunika nywele.

Barafu kwanza, mzani baadaye

Sangara anayetoka kwenye maji ya Ziwa Victoria ana joto la takriban nyuzijoto 25. Akishakufa, bakteria walioko kwenye ngozi, matamvua na utumbo wake huanza kazi, na kasi ya kazi hiyo inategemea joto kuliko kitu kingine chochote. Kuna kanuni inayotumiwa na wataalamu wa samaki kukadiria kasi hiyo. Kasi ya kuharibika kwa nyuzi sifuri ikihesabiwa kuwa moja, kwa nyuzi 5 huwa zaidi ya mara mbili, na kwa nyuzi 10 hufikia mara nne. Hivyo samaki aliyeshinda siku nzima katika nyuzi 10 amekwisha kutumia siku nne za muda ambao angeweza kukaa kwenye barafu. Siku hizo hazirudi. Chumba baridi cha kiwanda, hata kiwe cha kisasa namna gani, husimamisha hasara tu.

Hapa ndipo penye hesabu ambayo mawakala wengi huifanya kwa jicho badala ya kalamu. Kushusha joto la kilo moja ya samaki kutoka nyuzi 25 hadi sifuri kunahitaji takriban robo kilo ya barafu. Hiyo ni hesabu ya darasani, pasipo jua, pasipo upepo na pasipo sanduku linalovuja. Boti linalotoka visiwani, iwe Ukerewe, Kome au Goziba, lina jua juu, maji ya vuguvugu chini, na samaki wapya wanaoongezwa kila kituo. Barafu inayoyeyuka kwa kupambana na jua haipozi samaki hata mmoja. Ndiyo maana ushauri wa kawaida kwa nchi za joto ni kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki, na kwa safari ndefu au chombo kibovu ni zaidi ya hapo.

Wakala anayebana barafu ili abebe samaki wengi zaidi anapata faida ambayo kipimajoto cha getini huichukua yote. Chukulia, kwa mfano wa hesabu tu, wakala ambaye faida yake ni shilingi 5 katika kila shilingi 100 za mauzo. Asilimia 8 ya mzigo ikikataliwa na kuuzwa soko la mjini kwa nusu bei, amepoteza shilingi 4 kati ya hizo 5. Hajalipia bado mafuta ya safari wala riba ya mkopo.

Samaki akikubaliwa, hatua zinazofuata zinafahamika kwa yeyote aliyewahi kufanya kazi ya vibarua viwandani humo. Huoshwa kwa maji yaliyotiwa klorini kwa kipimo, hukatwa minofu kwa visu vya mkono, ngozi huchunwa, vipande husafishwa, mifupa midogo hutolewa, kisha minofu hupozwa na kufungwa. Inayokwenda mbichi kwa ndege hukaa karibu na joto la barafu inayoyeyuka. Inayogandishwa hufikishwa nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi. Kwa kawaida kilo moja ya minofu hutokana na kilo mbili na nusu hadi tatu za samaki mzima. Yanayobaki yana soko lake: mabondo huenda Mashariki ya Mbali kwa bei ambayo huufanya mnofu wenyewe uonekane kitu cha kawaida, na mapanki, yaani kichwa na mifupa, hukaushwa au kukaangwa na kuliwa na wananchi wa huku huku.

Katika mlolongo huo kila meza ni mahali pa kupata au kupoteza. Mkataji anayeacha nusu sentimeta ya nyama kwenye mfupa, katika tani nyingi kwa siku, anampa mwenye mapanki zawadi inayotoka mfukoni mwa kiwanda. Kisu kisichooshwa kati ya samaki mmoja na mwingine hubeba uchafu wa mmoja hadi kwa mia.

Miaka mitatu ya kufungiwa soko

Viwanda vya minofu upande wa Tanzania vilianza kushamiri mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya vile vya Kenya. Samaki mwenyewe si mwenyeji wa ziwa hili. Alipandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametawala. Soko kubwa lilikuwa Jumuiya ya Ulaya, ambayo tangu 1991 ilikuwa na maelekezo maalumu juu ya usafi wa mazao ya uvuvi, yaliyotaka kiwanda chenyewe kijikague kila hatua na kuweka kumbukumbu. Kwenye karatasi jambo hilo lilijulikana. Getini na mwaloni halikuwa limefika.

Kipigo cha kwanza kilitoka Hispania na Italia kati ya mwishoni mwa 1996 na 1997, kwa madai ya bakteria aina ya salmonela kwenye samaki wa Ziwa Victoria. Kabla vumbi halijatulia, kipindupindu kililipuka Afrika Mashariki. Desemba 1997 Ulaya ikazuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji, na zuio hilo lilidumu hadi mwishoni mwa Juni 1998. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, na Shirika la Afya Duniani, WHO, yote yalieleza kuwa zuio la aina hiyo halikuwa njia inayofaa ya kujikinga na kipindupindu. Maelezo hayo yalikuwa ya haki, ila hayakuuza hata kilo moja ya minofu. Kisha Aprili 1999 likaja zuio la tatu, safari hii kwa sababu baadhi ya wavuvi walikuwa wakiua samaki kwa sumu za kuulia wadudu mashambani. Tanzania ilifunguliwa mlango mwanzoni mwa mwaka 2000, ikitangulia Uganda na Kenya ambazo zilisubiri hadi baadaye mwaka huo huo.

Kwa mwenye kiwanda hiyo ilikuwa hasara ya kupunguza zamu na kutafuta wanunuzi nje ya Ulaya. Kwa wavuvi na mawakala ilikuwa kuporomoka kwa bei mialoni huku mikopo ya nyavu na injini ikiendelea kudaiwa kama kawaida.

Ukiyaangalia mazuio hayo matatu kwa pamoja, kila moja lilihoji sehemu tofauti ya mnyororo. La kwanza lilihoji meza na maji ya kiwanda. La pili lilihoji maji ya ziwa na uwezo wa serikali kuthibitisha kuwa ni salama. La tatu lilihoji mkono wa mvuvi usiku, mahali ambapo hakuna mkaguzi. Katika yote, mnunuzi hakuwa na njia ya kujua kama samaki aliye mbele yake ni mzima au mgonjwa. Alichokitaka ni uthibitisho kwamba mtu fulani, kila siku, alikuwa akitazama.

Kwa nini kupima mwishoni hakutoshi

Wapo waliouliza wakati ule, na wapo wanaouliza hadi leo: kwa nini kiwanda kisipeleke tu sampuli maabara, zikionekana safi mzigo uondoke? Maabara ipo. Maabara ya taifa ya kudhibiti ubora wa samaki iko Nyegezi, hapo hapo Mwanza, na kazi yake ni ya lazima. Lakini hesabu ya sampuli ina ukatili wake.

Chukulia shehena ambayo katoni moja kati ya kila mia ina vijidudu. Mkaguzi akichukua katoni tano bila kuchagua, uwezekano wa kuikuta hata moja mbovu ni chini kidogo ya asilimia 5. Yaani mara 95 kati ya 100 shehena hiyo itapita na cheti kizuri. Akichukua katoni 60 bado hafiki nusu. Uwezekano ni kama asilimia 45. Ili awe na uhakika wa asilimia 95 anahitaji katoni karibu 300, na kila katoni iliyofunguliwa na kupimwa haiuziki tena. Mfanyabiashara anayetaka uhakika kwa njia hiyo atamaliza mzigo wake maabara.

Tatizo hilo hilo liliwakuta Wamarekani walipotaka kuwalisha wanaanga. Kuanzia 1959 kampuni ya vyakula ya Pillsbury, ikishirikiana na shirika la anga za juu NASA na maabara ya jeshi la Marekani ya Natick, iligundua kuwa kupima chakula kilichokwisha kutengenezwa kungekula sehemu kubwa ya chakula chenyewe. Wakageuza utaratibu: orodhesha hatari zote, tafuta hatua ambazo hatari hizo zaweza kuzuiwa, wekea kila hatua kipimo chenye mpaka, na mpaka ukivukwa simamisha kazi hapo hapo. Mfumo huo, uliotangazwa hadharani mwaka 1971, unajulikana kwa kifupi chake cha HACCP, nao ndio Ulaya na Marekani waliufanya sharti kwa samaki katika miaka ya 1990. Sharti la Marekani lilianza kutumika Desemba 1997, mwezi ule ule Ulaya ilipofunga mlango.

Profesa wa mfupa wa samaki

Hata hivyo HACCP inaeleza wapi pa kutazama. Haielezi sana jinsi ya kutazama, wala nani atazame. Elimu hiyo ni ya zamani zaidi, na aliyeifanya iwe ya watu wa mezani badala ya kuwa ya ofisini ni profesa mmoja wa uhandisi wa Tokyo, Kaoru Ishikawa.

Ishikawa alizaliwa 1915 na kuhitimu kemia ya viwandani Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 1939. Hakuanzia ualimu. Alikuwa afisa fundi wa jeshi la majini, kisha akafanya kazi katika kampuni ya mafuta hadi 1947, ndipo akarudi chuoni kufundisha. Alikuwa ameonja kiwanda kabla ya kukihubiri, na hilo lilionekana katika kila alichoandika baadaye. Pia, kwa wasomaji wanaopenda kujua nani alimfungulia nani mlango, baba yake, Ichiro Ishikawa, alikuwa mkuu wa shirikisho la wenye viwanda wa Japani na wa chama cha wanasayansi na wahandisi cha nchi hiyo. Mwaka 1950 chama hicho kilipomwalika Mmarekani W. Edwards Deming kufundisha udhibiti wa ubora kwa takwimu, ni mzee huyo aliyewakusanya wakuu wa makampuni wakae wasikilize.

Deming alikuja na chombo kilichobuniwa na Mmarekani mwenzake, Walter Shewhart, mwaka 1924 katika viwanda vya simu: chati ya udhibiti. Wajapani waliipokea, lakini Ishikawa aliona shida. Wahandisi waliielewa, wasimamizi waliiogopa, na wafanyakazi hawakuonyeshwa. Sehemu kubwa ya kazi yake kuanzia hapo, akiwa profesa kamili kuanzia 1960, ilikuwa kuteremsha elimu hiyo ngazi moja hadi nyingine. Alikusanya vyombo saba vya msingi, vingi vyake vinahitaji karatasi, penseli na kujumlisha tu, na akashikilia kuwa asilimia 95 ya matatizo ya kiwanda yanaweza kutatuliwa navyo. Mwaka 1962 alikuwa mstari wa mbele kuanzisha vikundi vya ubora, ambavyo ni wafanyakazi wachache wa sehemu moja wanaokutana kuchunguza kasoro za kazi yao wenyewe. Kufikia 1978 alikuwa mkuu wa Taasisi ya Teknolojia ya Musashi, na alifariki dunia mwaka 1989.

Chombo chake kilichoenea kuliko vyote alikichora mwaka 1943 akiwaelezea wahandisi wa kiwanda cha chuma cha Kawasaki. Ni mstari mmoja mnene unaoelekea kwenye tatizo, na mistari ya pembeni inayouingia kwa mshazari, kila mmoja ukiwa kundi la sababu. Umbo lake ni la mifupa ya samaki, na kwa jina hilo ndilo linajulikana dunia nzima. Mwanza, mahali ambapo mapanki yanauzwa kando ya barabara, hakuna haja ya kumchorea mtu ubaoni ili aelewe.

Tatizo tuseme ni minofu laini inayopasuka ikibebwa. Msimamizi mwenye haraka hulaumu wakataji. Mfupa wa samaki humlazimisha apite kila mwiba: watu, visu na meza, njia ya kazi, samaki wenyewe, hali ya chumba, na vipimo vinavyotumika. Akifika mwiba wa samaki atauliza walikaa saa ngapi kwenye nyavu kabla ya kutolewa, kwa maana sangara aliyefia majini tangu jioni si sawa na aliyetolewa hai. Akifika mwiba wa vipimo huenda akagundua kuwa kipimajoto cha mapokezi hakijalinganishwa na maji ya barafu kwa miezi kadhaa. Kazi ya kubaini kisa hasa huja baadaye, kwa kuhesabu. Mchoro huzuia tu lawama isitangulie hesabu.

Profesa huyo alikuwa pia na fundisho moja ambalo kwa biashara ya ziwani lina uzito kuliko michoro yote: kila hatua iione hatua inayofuata kuwa ndiye mteja wake. Mteja wa mvuvi si Mhispania. Ni mwenye boti la kukusanya. Mteja wa mwenye boti ni mpokeaji wa getini, na mteja wa mpokeaji ni mkataji mwenye kisu. Zuio la 1999 lilitokea pale ambapo mteja wa kwanza katika mnyororo alipokea bila kuuliza.

Fundisho hilo halikubaki Japani. Mwaka 2013 serikali ya Tanzania na shirika la maendeleo la Japani, JICA, zilianza mradi wa kueneza Kaizen katika viwanda vya nchini, ambao unatokana na shule hiyo hiyo ya kuboresha kazi hatua kwa hatua kwa kuwatumia wafanyakazi wenyewe.

Chati inavyosomeka

Chati ya udhibiti ndiyo sehemu ambayo mwenye fedha zake pembeni anafaa kuielewa zaidi, kwa sababu inaonyesha hatari kabla ya hasara. Kila baada ya muda fulani mfanyakazi hupima joto la minofu inapofungwa na kuweka nukta kwenye karatasi yenye mstari wa wastani katikati na mistari miwili ya mipaka juu na chini. Mipaka hiyo haitoki serikalini. Hukokotolewa kutokana na mwenendo wa kiwanda chenyewe kinapokuwa na afya, na kwa kawaida huwekwa umbali ambao karibu nukta 997 katika kila 1,000 huangukia ndani.

Mfano wa kukadiria: kiwanda ambacho wastani wake ni nyuzi 2.4, mpaka wa chini 1.2, wa juu 3.6, na kikomo cha mnunuzi ni 4. Nukta ikifika 3.7 bado mnunuzi hana neno, lakini mtambo umesema jambo, kuna kilichobadilika. Kuna dalili nyingine ndogo zaidi. Nukta zikisomeka 2.3, 2.5, 2.6, 2.8, 2.9, 3.1, 3.2, hakuna hata moja iliyovuka mpaka wowote. Ila saba mfululizo zinapanda. Huenda mtambo wa barafu umeanza kuchoka, au mlango wa chumba baridi unaachwa wazi wakati wa kupakia. Kiwanda chenye udhibiti humwita fundi siku hiyo. Kiwanda kisicho nao humwita siku shehena inaporudishwa.

Kosa la upande wa pili nalo lipo, na wasimamizi wengi hulifanya kwa bidii nzuri. Ni kurekebisha mashine kila nukta inapopanda au kushuka kidogo. Mchakato wowote una mtikisiko wake wa kawaida, na anayeufukuzia mtikisiko huo huuongeza. Deming alikuwa akilionyesha jambo hili darasani mara kwa mara.

Mwenye hisa za TBL, kampuni ya bia iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1998 na yenye kiwanda Mwanza, yumo katika somo hili bila kwenda mwaloni. Joto la kuchachusha, usafi wa mabomba, kiasi kinachojazwa katika kila chupa, vyote husomwa kwa chati za aina hiyo. Chupa ikijazwa mililita mbili za ziada mamilioni ya mara kwa mwaka, zinatoka kwenye gawio.

Kwa anayeweka fedha ziwani

Mwenye boti au gari la barafu hapewi chati za kiwanda, na si rahisi azione. Yapo mambo anayoweza kuyaona akiwa nje ya ukuta. Kiwanda kinachopima kila boti kwa njia ile ile, na kumwandikia wakala joto na kilo zilizokataliwa pamoja na sababu, kinaweka kumbukumbu. Kinachokataa leo na kupokea kesho samaki wa hali ile ile kwa sababu oda imebana, hakina mipaka. Kiwanda kinachompa wakala barafu kwa kipimo kabla ya safari kimeelewa kuwa mchakato wake unaanzia kisiwani. Samaki wa chini ya sentimeta 50, ambao sheria hairuhusu, wakionekana wakiingia usiku kwa mlango wa nyuma, mwenye kumkopesha kiwanda hicho samaki wa wiki mbili afikirie upya, maana anayefumbia macho rula atafumbia na kipimajoto.

Wakala naye ana cha kufanya, na hakihitaji profesa. Daftari lenye safu tano linatosha: saa nyavu zilipotolewa, kilo za samaki, kilo za barafu, joto la kufika getini, na kilichokataliwa. Baada ya safari 20 au 30 safu hizo huanza kuonyesha kisiwa kipi kinatoa samaki waliochelewa, na ni saa ngapi za safari barafu huanza kushindwa. Benki inayoombwa mkopo wa boti la pili hulielewa daftari la namna hiyo haraka kuliko maneno.

La mwisho ni orodha. Ulaya hununua minofu kutoka viwanda vilivyoidhinishwa tu, kila kimoja kikiwa na namba yake, na orodha hiyo iko wazi kwa yeyote. Hubadilika: kiwanda chaweza kuongezwa, kusimamishwa au kuondolewa. Wakala anayesaini mkataba wa msimu mzima, au anayechukua mkopo kwa dhamana ya mkataba huo, anafaa kuithibitisha namba ya kiwanda siku ya kusaini, na kuitazama tena kila anapoongeza boti.